Ncha ya Waya wa Baiskeli

Nasema na ninyi mlio Nanighi, Bura, Hola, Garsen na vijijini kote kandokando ya mto Tana mpaka Kipini unakomwaga maji yake baharini. Jambo nililoazimu kulizungumza jioni hii ni dogo kwa kimo, kwani halizidi ncha ya waya wa breki ambao unene wake ni milimita moja na nusu au zaidi kidogo. Walakini mtu aliyewahi kuteremka tuta la mfereji akiwa amepakia nyuma ya baiskeli mitungi minne ya maji, kila mmoja wa lita 20, yaani uzani wa kilo 80 minghairi ya uzani wake mwenyewe, hana haja ya kuelezwa na mimi daraja ya breki katika maisha ya watu wa huku. Nakusudia kusema namna waya huo unavyokatwa na namna ncha yake inavyofungwa nyumbani, kwa zana zinazopatikana kwetu, na nakusudia kutoa hukumu yangu wazi juu ya njia iliyo bora, kwa sababu njia inayosifiwa na wengi, na inayopendeza macho kuliko zote, hainasibiani na sisi tuishio baina ya vumbi na tope.

Yawapasa vijana kujua kwamba udhia huu wa waya wa breki ni mgeni katika nchi. Baiskeli nyeusi ya wazee wetu, ile ambayo Kenya nzima huiita Black Mamba, iliyotoka kwanza Uingereza katika viwanda kama kile cha Raleigh mjini Nottingham na baadaye ikaja kwa wingi kutoka India na China, haikuwa na waya wa breki hata mmoja: breki zake zilivutwa kwa fito za chuma zilizoungwa kutoka kwenye usukani mpaka kwenye ukingo wa gurudumu, na fito ilipolegea mwenyewe aliikaza kwa spana, kazi ikaisha. Waya uvutwao ndani ya ganda ulipewa hataza huko Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, ambaye haifai kumchanganya na Frank Bowden wa Raleigh ingawa jina lao la ukoo ni moja, na uzuri wa fikra ile ulikuwa huu, kwamba waya unapovutwa ndani na ganda likasukumwa nje, nguvu ya mkono inaweza kupita katika kona na mapindo ambayo fito ya chuma haiwezi kuyapita kabisa. Umbo hilo halikuenea vijijini kwetu ila pale zilipoanza kuingia baiskeli za gia nyingi na magurudumu mapana, mpya kwa mitumba, kwa njia ya bandari ya Mombasa. Wapo hata leo waundaji wa baiskeli za kazi walioukwepa waya kwa makusudi: baiskeli iitwayo Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na lenye karakana ya kuziunganisha huko Kisumu, ilitolewa ikiwa na breki ya kukanyaga nyuma, iliyofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, na mimi nauhesabu uamuzi huo kuwa wa busara. Lakini baiskeli nyingi tulizo nazo leo ni za nyaya, na mwenye nazo hana budi ajue tabia ya waya.

Tuutazame basi waya wenyewe. Machoni ni kitu kimoja, lakini aghalabu ni mkusanyiko wa nyuzi 19 za chuma: uzi 1 wa katikati, nyuzi 6 zinazouzunguka huo, na nyuzi 12 zinazozizunguka hizo 6, zote zimesokotwa pamoja kwa nguvu ya mashine. Kila uzi ni wa chuma kigumu chenye tabia ya springi, kinachotamani daima kurudi katika unyofu wake, na kinachouzuia ni wenzake walioukumbatia pamoja na zile ncha mbili, moja yenye kichwa kilichotiwa kiwandani, ambacho hukaa ndani ya mkono wa breki, na moja iliyoyeyushwa huko huko kiwandani hata nyuzi zote zikawa donge moja. Ncha hii ya pili ndiyo tunayoikata, kwa kuwa waya huuzwa mrefu ili ufae baiskeli ya kila kimo. Na nyaya nyingi za bei nafuu madukani huja na vichwa viwili vya maumbo mbalimbali, kimoja huku na kimoja kule, mnunuzi akachagua kinachoingia katika baiskeli yake na kukikata kile kingine, kwa hiyo ncha mbichi haiepukiki. Saa ile waya unapokatwa, vile vifungo vimekwisha kuvunjwa, na nyuzi za nje huanza kujinyoosha na kuachana, kwanza mbili tatu, kisha zote.

Madhara ya ncha iliyoachana si ya kubuniwa. Uzi mmoja mwembamba ukijitenga huchoma kidole cha mtoto anayesukuma baiskeli ya baba yake, na kidonda cha chuma chenye tope na samadi ni mlango wa pepopunda, ugonjwa ambao ye yote aliyeuona hautamani kwa adui yake. Uzi huo huo hunasa ncha ya kanga ya mama aliyepakiwa nyuma. Fauka ya hayo, kuachana hakukomi nchani. Hupanda polepole mpaka kwenye bolti inayouminya waya, na bolti ikishaminya nyuzi zilizotawanyika badala ya waya ulioshikamana, huzikata moja moja, na siku ya kukata ile ya mwisho huwa ndiyo siku mtu ameshika breki kwa nguvu zake zote.

Lakini dhara kubwa kuliko hayo, nalo ndilo lililonifanya nikalifikiri jambo hili kwa urefu, ni kwamba waya ulioachana ncha hauwezi kutolewa katika ganda lake ukarudishwa. Katika miji ya barabara za lami jambo hili halina uzito sana, kwa sababu mtu hutia waya mwaka huu na kuusahau mpaka uchakae. Huku kwetu hali ni nyingine. Kiangazi vumbi laini huingia ndani ya ganda na kuchanganyika na grisi, likawa uji wa kusaga chuma. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa bonde la Tana hujaa magurudumuni na breki zikazama topeni, maji yakaingia pale waya unapotokeza, na baada ya wiki chache kutu imeukamata waya na ganda hata mkono wa breki haurudi ukiubana. Dawa ya maradhi haya ni moja tu, na mafundi wote wanaijua: kuufungua waya, kuuvuta wote nje, kuufuta kwa kitambaa, kuupaka grisi au mafuta, na kuurudisha. Kazi hiyo haizidi robo saa ikiwa ncha ya waya ni nzima. Ikiwa imeachana, nyuzi zake huparama ndani ya ganda kama ndoano, zikakataa kwenda mbele na kukataa kurudi nyuma, na mwenye baiskeli akalazimika kuutupa waya ambao urefu wake wote uliobakia haukuwa na aibu yo yote.

Na kuutupa waya huku Nanighi ni jambo zito kuliko bei yake. Waya mpya hutafutwa Garissa au Hola, na njia hizo si za kutegemewa kila mwezi wa mwaka. Mtakumbuka nyote namna mvua za El Nino za mwisho wa mwaka 2023 zilivyoikata barabara ya Garissa pale Madogo, magari yakasimama na watu wakavushwa kwa mashua, na namna mafuriko yalivyorudi tena Aprili 2024 kabla hatujakauka vizuri. Wakati kama huo ndio baiskeli inapohitajika zaidi, na ndio vipuri vinapokuwa mbali zaidi. Kwa hiyo kipimo changu cha njia njema ya kumaliza ncha kina masharti mawili: la kwanza, njia hiyo izikamate nyuzi zote 19 pasi na kuacha hata moja, la pili, isiinenepeshe ncha hata ikashindwa kupita katika tundu la ganda. Sharti la pili husahauliwa na watu wengi, hata na mafundi wenye mikono mizuri.

Kabla ya kufunga ncha, sharti ikatwe, na ukataji mbaya hushinda ufungaji mwema. Kisu na mkasi wa nguo visitajwe. Vitaharibika vyenyewe na waya pamoja. Koleo la kawaida lenye makali ubavuni hukata kwa kuminya pande mbili, na waya ukiminywa hivyo hulala bapa kwanza, nyuzi zikafunguka, kisha ndipo hukatika, nao ukiisha kuwa bapa hauingii tena tunduni. Viko vikata-waya vilivyoundwa kwa kazi hii peke yake, ambavyo midomo yake imepinda ili iuzunguke waya na kuubana kutoka pande zote kabla ya kuukata, na vya kampuni ya Felco ya Uswisi, iliyoanza mwaka 1945 na inayojulikana zaidi na wakulima kwa mikasi yake ya kupogolea miti, ni vya kusifika sana. Lakini sidhani ni haki kumwambia mtu wa mashamba ya Bura atoe thamani ya mbuzi kwa chombo atakachokitumia mara chache kwa mwaka. Fundi wa kituo afanyaye kazi hii kila siku, yeye na akinunue, na hatajuta.

Kwa nyumbani nasema tindo. Tindo kali ya mhunzi, nyundo, na kipande kizito cha chuma cha kuwekea chini, ikiwa ni kipande cha reli au ekseli kuukuu ya trekta, hukata waya kwa pigo moja lililo safi kuliko koleo lo lote. Makali ya tindo yanolewe kwa tupa kabla, waya ulazwe juu ya chuma, tindo isimamishwe wima, na pigo liwe moja lenye azma, kwa maana mapigo matatu ya woga huuponda waya bila kuukata. Watoto wasisimame karibu, na mpigaji afumbe macho au avae miwani, kwani kipande kinachokatika huruka. Msumeno wa chuma nao hukata, illa meno yake huvuta nyuzi nje moja moja. Na jiwe la umeme la kusagia, ambalo hukata vizuri sana, linahitaji stima ambayo si kila ua unayo.

Sasa tuje kwenye kufunga. Njia mashuhuri duniani ni kikofia cha aluminiamu, kijirija kidogo kilichozibwa upande mmoja, kinachovikwa nchani kisha kikaminywa kwa koleo mahali pawili. Ni cha haraka, ni rahisi, hakihitaji moto, kinapendeza, na mtoto hachomwi. Wako wanaokiminya kwa meno, na hao nawasihi waache, kwa kuwa jino halina kipuri. Lakini kikofia hakitimizi sharti la pili: ni kinene kuliko waya, hakipiti katika ganda wala katika tundu la bolti, kwa hiyo kila waya unapotolewa kusafishwa, kikofia hukatwa pamoja na sentimita moja ya waya, na nyuzi zikaanza kuachana upya, na baada ya masika mawili matatu waya umekuwa mfupi hata haufiki. Kwa baiskeli ya mjini nakikubali. Kwa baiskeli ya Nanighi nakikubali kuwa kifuniko cha pili, juu ya ncha iliyokwisha kukamatwa kwa njia nyingine, kwa ajili ya kuvizuia vidole na nguo.

Wako waliokosa vikofia wakabuni badala yake, na ubunifu wao una heshima. Nati ndogo ya spoki kuukuu huvikwa nchani ikapigwa nyundo; ganda la waya wa umeme hukatwa kipande kikachomekwa, ingawa hilo huponyoka siku ya pili; na wavuvi wa huku, ambao hawakosi chubwi ya risasi katika mishipi yao, hupasua chubwi ndogo, wakaitia ncha katikati na kuibana kwa koleo, na risasi kwa ulaini wake hushika barabara. Hizi zote ni za ukoo wa kikofia na zina aibu yake ile ile ya unene. Walioitia ncha nta ya mshumaa wamepoteza mshumaa, maana baiskeli iliyoegeshwa juani saa nane za mchana Februari hailindi nta. Na wanaodondosha plastiki inayowaka juu ya waya hupata donge baya linalobanduka, na moshi wake ni sumu kwa mwenye kuuvuta.

Mabaharia wa Lamu, ambao tangu enzi za mababu wamejua kwamba kamba isiyofungwa ncha ni kamba inayokufa, huuzungusha uzi mwembamba uliotiwa nta juu ya ncha ya kamba, mizunguko iliyobanana, na mwisho wa uzi wakaupitisha chini ya mizunguko hiyo na kuukaza. Njia hiyo hufanywa juu ya waya wa breki kwa uzi mwembamba wa shaba uliotolewa ndani ya mota iliyoungua, na hushika kuliko mtu anavyodhani. Huinenepesha ncha kwa kiasi kidogo sana, pungufu ya kikofia, na mahali ganda lilipo pana waya hupita, mahali lilipo jembamba haupiti. Naipenda njia hii kwa nasaba yake, na naihesabu kuwa msaada wa njiani.

Iko gundi kali ya dukani, ile iitwayo supaglu, ambayo ni maji mepesi yanayokauka katika nukta chache. Wengi wanaidharau bila haki. Tone moja likiwekwa nchani hufyonzwa baina ya nyuzi na kuzifunga ndani, bila ya kuongeza unene wo wote unaoonekana, na waya hupita tunduni kama ulivyotoka kiwandani. Sharti lake ni usafi: waya uwe mkavu kabisa na usiwe na mafuta, kwa hiyo huoshwa kwanza kwa petroli kidogo, mbali na moto, ukaachwa ukauke, na uwekwe gundi kabla ya kukatwa, sentimita mbili mahali patakapokatwa, kisha tindo ipige katikati ya hiyo sehemu iliyoshikamana. Waya mkuukuu uliokunywa grisi kwa miaka hauikubali gundi hii, na hata waya mpya utahitaji tone jipya kila baada ya muda, kwa kuwa gundi ikiisha kukauka huwa ngumu na hupasuka ikipindwa mara nyingi. Kwa mtu asiyekuwa na zana nyingine hata moja, hii ndiyo njia ninayomshauri.

Lakini iliyo bora kuliko zote, na hapa sina shaka, ni lehemu. Lehemu huyeyuka ikanyweka baina ya nyuzi kwa tabia yake yenyewe, ikaganda, na kuzifanya nyuzi 19 kuwa fito moja yenye unene ule ule wa waya. Hupita katika ganda, hupita katika bolti, hutolewa na kurudishwa msimu baada ya msimu, na haipotezi hata milimita ya urefu. Watu hudhani kwamba kazi hii ni ya mafundi wa redio wenye stima. Sivyo; mafundi bati wa nchi hii wameunga mitungi, karai na taa za mafuta kwa lehemu miaka mingi kabla ya nguzo za umeme kufika, kwa kipande cha shaba kilichofungwa katika mpini wa chuma na kutiwa katika makaa. Lehemu ya sehemu 60 za bati na sehemu 40 za risasi huyeyuka kabla ya kufikia digrii 200 za Sentigredi, joto ambalo jiko la makaa hulipita kwa mbali, na ambalo chuma cha waya hulistahimili bila kupoteza ugumu wake.

Namna yake ni hii. Waya ukiwa umekwisha kutiwa mahali pake, ganda limekaa vizuri na breki imerekebishwa na kuvutwa kwa nguvu mara kadhaa ili kila kitu kitulie, pima kutoka kwenye bolti upana wa vidole vitatu, utie alama. Hapo ndipo patakapokatwa, na usikate karibu zaidi ya hapo, kwani mkia mfupi haukamatiki na koleo siku ya kukaza tena. Uvute waya nje ya bolti ili moto usikaribie mpira wa breki wala tairi. Uifute sehemu ya alama kwa kitambaa na petroli, kisha kwa msasa mpaka ing'are. Hapo pana swali la dawa ya kusaidia lehemu ishike. Waya uliopakwa zinki, wenye rangi ya kijivu iliyofifia, hupokea lehemu kwa urahisi. Waya usioshika kutu, unaong'aa mweupe na wenye bei ya juu, huikataa ila kwa dawa kali, na sumaku haitoshi kukuamulia upi ni upi, kwa sababu hata huo usioshika kutu, ukiisha kuvutwa kiwandani hata ukawa mwembamba, huvutwa na sumaku. Mafundi bati hutumia tindikali iliyoshibishwa zinki, na zinki hiyo huipata katika makopo ya betri kuukuu za tochi. Dawa hiyo inafaa nyaya zote mbili, lakini isipikwe nyumbani wala isihifadhiwe nyumbani, maana huunguza macho na mapafu. Mwendee fundi bati, umwombe tone la kupaka, naye hatakunyima.

Ukiisha kupaka, kitie kipande cha shaba katika makaa mpaka kiyeyushe lehemu kinapoguswa nayo, kisha kiweke chini ya waya, lehemu iwe juu, usubiri. Joto la shaba na liupashe waya, na waya ndio uiyeyushe lehemu. Anayeidondosha lehemu juu ya waya wa baridi hupata vidonge vinavyokaa nje na kuanguka. Utaiona ikizama baina ya nyuzi. Ondoa shaba, acha waya upoe bila kuupuliza, kisha weka tindo katikati ya sehemu iliyong'aa na upige pigo moja. Usiuingize waya wenyewe motoni kwa kutaka haraka, kwani chuma kikiisha kuwa chekundu kimepoteza ugumu wake, na kikipoteza ugumu mahali karibu na bolti umejitengenezea ajali kwa mikono yako. Mwisho uioshe ncha kwa maji yenye sabuni au magadi, kwa sababu dawa ikibakia baina ya nyuzi huleta kutu mbaya kuliko ile uliyoikimbia, uikaushe, na uipake mafuta. Kazi ifanywe nje, penye upepo. Jiko likiwa ni la kupikia chakula lisitumiwe. Na mikono ioshwe kabla ya kula au kumshika mtoto, kwa kuwa risasi ni sumu inayoingia polepole na haitoki upesi.

Nimesema waya kwa urefu, na ganda lake nitalisema kwa ufupi, ingawa breki nyingi ninazoziona zikilaumiwa kosa lake limo gandani. Ganda la breki ni springi ndefu iliyovikwa plastiki, na likikatwa kwa koleo huacha ulimi wa chuma uliopinda ndani ya tundu, unaoukwaruza waya kila unapovutwa. Ulimi huo uondolewe kwa tupa mpaka mdomo wa ganda uwe bapa, na mrija wa plastiki ulio ndani ufunguliwe kwa ncha ya msumari. Ganda la gia ni jingine: baada ya kampuni ya Shimano ya Japani kutoa mwaka 1984 gia zinazobadilika kwa vituo, maganda yake yalikuja kuwa ya nyuzi zilizolazwa kwa urefu badala ya springi iliyozungushwa, ili yasifupike yanapobanwa, na sura zake kwa nje hufanana sana na zile za breki. Msikubali fundi awatie ganda la gia katika breki kwa sababu ndilo alilo nalo. Nyuzi zile za urefu hushikwa na plastiki peke yake, na mkono ukibana kwa hofu kubwa plastiki hupasuka, breki ikawa haipo.

Huenda mtu akaniuliza kwa nini asipeleke yote haya kwa fundi. Akiwa na fundi mwema karibu, na ampeleke, na amwambie tu kwamba anataka ncha ya lehemu. Lakini miiba ya mathenge, mti ulioletwa katika nchi hizi za Bura na Hola mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuni na ukatapakaa kuliko ilivyokusudiwa, imekwisha kuwafundisha watu wetu, waume kwa wake, kuziba pancha wenyewe chini ya miti yao bila kumngoja mtu. Na anayeweza kukwangua mpira, kupaka gundi na kungoja ikauke kwa kiasi kinachotakiwa, mkono wake umekwisha kupata subira yote inayohitajiwa na lehemu. Si lazima kila nyumba iwe na shaba na tindo. Mtaa mmoja ukiwa na seti moja, ikawekwa kwa mtu mwaminifu, inatosha.

Nawaomba wenye maduka ya vipuri wa Hola, Garsen na Garissa wawauzie watu lehemu kwa vipande vya urefu wa kidole, kwani hakuna anayehitaji kilo nzima kwa baiskeli moja, na wawaambie wanunuzi wa nyaya ni zipi zilizopakwa zinki na zipi zisizoshika kutu. Nanyi wasikilizaji, masika huku kwetu huanza Machi au Aprili. Kabla ya hapo vueni nyaya zenu, zisafisheni, zitieni lehemu nchani, na mzirudishe zikiwa na grisi, maana mvua ikiisha kuanza barabara haina ahadi.